Usiombe msamaha kabla hujaisoma barua

Simu za aina hii huanza kuingia Februari na Julai, mitihani ya muhula inapoisha. Anayepiga mara nyingi si mwanafunzi. Ni mjomba, au baba aliyeko Sengerema, au dada mwenye kibanda cha nguo Makoroboi, hapa Mwanza, anayemlipia mdogo wake ada. "Wakili, kijana wetu kapewa barua ya tuhuma chuoni. Tumemwambia aandike ya kuomba radhi, na ameshaipeleka."

Hapo ndipo ninapovuta kiti nikae.

Ninajua ushauri huo unatoka wapi. Kwetu mtoto akimkosea mkubwa, wazee wanamsindikiza, anapiga magoti, yanaisha. Lakini kamati ya nidhamu si kikao cha ukoo. Ni chombo kinachoandika. Barua inayosema "naomba mnisamehe kwa kosa nililolitenda, sitarudia" inaingia kwenye faili ikiwa ni kukiri kosa, na siku ya kikao ukisema hukutenda, mwenyekiti atakusomea maneno yako mwenyewe. Nilimsaidia binti mmoja aliyetuhumiwa kuingia na simu kwenye chumba cha mtihani. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa kule mbele karibu na mlango, pamoja na mikoba ya wenzake wote, kwa agizo la msimamizi mwenyewe. Utetezi alikuwa nao. Alikuwa nayo pia barua ya kurasa mbili aliyoandikiwa usiku na kaka yake, akijutia "tamaa na ujinga wa ujana". Tulihangaika na ile barua kuliko tulivyohangaika na simu.

Basi soma barua ya tuhuma kwanza, na uisome kama mama anayenunua sato mwaloni Kirumba: hatazami ukubwa, anafunua mashavu. Ni kanuni ipi ya chuo unayodaiwa kuivunja? Tarehe gani, chumba gani, ulifanya nini hasa, nani aliona? Barua inayosema tu "utovu wa nidhamu" haijakueleza kitu cha kujibu. Iandikie kamati kwa adabu, omba ufafanuzi wa tuhuma, nakala ya kanuni, fomu ya tukio uliyosaini siku ile na nafasi ya kuona vielelezo. Kama umepewa siku mbili za kujibu na hazitoshi, omba muda katika barua hiyo hiyo, kabla siku hizo hazijaisha. Peleka nakala mbili masijala. Moja inabaki kwao, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wanafunzi huniona mtu wa zamani nikisisitiza muhuri wakati kuna WhatsApp. Lakini meseji ya "sawa, nimeiona" kutoka kwa karani aliyehamishwa mwezi uliofuata haina uzito wa ule wino wa zambarau.

Haki ya kusikilizwa haitokani na huruma ya chuo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake unapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, pamoja na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Zingatia hayo maneno "chombo kingine". Katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, ambalo mawakili hawachoki kulitaja, Mahakama ya Rufani ilisema kanuni hii nchini Tanzania si urithi tu wa sheria za Waingereza, imekuwa haki ya kikatiba.

Hata huko Uingereza ilikotoka, mojawapo ya mashauri yake ya kale lilihusu chuo kikuu. Cambridge ilimvua Richard Bentley shahada zake mwaka 1718 kwa kuidharau mahakama ya chuo, bila kumwita ajieleze. Shauri lilifika mbele ya majaji, na katika uamuzi wa 1723 chuo kikaonekana kimekosea. Mwaka uliofuata alirudishiwa. Jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza kama amelila tunda. Mungu alikuwa anajua kila kitu, na bado aliuliza. Huwa nalitumia hilo mbele ya kamati zenye mapadri au wachungaji, na sijawahi kujuta.

Sasa utetezi wenyewe. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mwanafunzi kujibu swali ambalo hakuulizwa. Amekutwa na kibuti, yaani karatasi ya kuibia mtihani, anaandika ukurasa mzima kueleza kwamba yaliyoandikwa mle yalikuwa ya somo jingine, kwa hiyo yasingemsaidia. Inaingia akilini. Lakini kanuni za vyuo vingi zinakataza kuwa na karatasi isiyoruhusiwa ndani ya chumba cha mtihani, iwe imekusaidia au haikukusaidia. Kwa maelezo yake mwenyewe amekubali kwamba karatasi ilikuwa yake na ilikuwa mfukoni. Angeanza na kanuni: inasema "kuwa na", au inasema "kutumia"? Inataka mtu awe amejua? Kama kweli ulisahau karatasi kwenye koti, sema hivyo kwa sentensi mbili, kisha hoja ya kwamba ilikuwa ya somo jingine iweke mahali pake, kwenye kuomba adhabu nafuu. Kati ya kufukuzwa chuo na kurudia somo moja kuna umbali mkubwa, na umbali huo ndio mara nyingi tunaoupigania.

Siku hizi zinakuja tuhuma za akili mnemba. Mhadhiri amepitisha kazi yako kwenye programu, imesema asilimia fulani imeandikwa na mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Julai mwaka huo huo kampuni ya OpenAI iliiondoa programu yake yenyewe ya utambuzi kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwanafunzi wa chuo cha hapa Malimbe aliyejifunza Kiingereza darasani Magu yumo katika kundi hilo hilo la walioonewa. Lakini usiishie kuilaumu programu. Peleka rasimu zako, historia ya marekebisho kwenye Google Docs, daftari ulilofanyia muhtasari, na ujiandae kuulizwa maswali juu ya kazi yako papo hapo. Asiyeweza kueleza aya yake ya tatu ina maana gani, mimi siwezi kumwelezea.

Siku ya kikao tazama waliokaa mezani. Kama msimamizi aliyekukamata ni mmoja wa wajumbe watakaoamua, inua mkono mwanzoni kabisa: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima, naomba ndugu huyu awe shahidi na asiwe mjumbe, na ombi langu liandikwe." Ukinyamaza, ukashindwa, ndipo ukalalamika, utaulizwa kwa nini ulingoja matokeo. Wakili huenda wasimruhusu kuingia. Kamati nyingi zina kanuni hizo, na haki ya kusikilizwa peke yake haimaanishi haki ya kuwa na wakili chumbani. Hakuna kanuni, hata hivyo, inayokukataza kuandaliwa na wakili usiku uliotangulia. Uliza kama mwakilishi wa serikali ya wanafunzi anaweza kukaa nawe. Usitegemee pia zile kauli za kwenye tamthilia za "bila kuacha shaka yoyote". Kipimo hicho ni cha kesi za jinai. Kamati kwa kawaida hupima upande upi una uwezekano mkubwa kuwa kweli.

Kama tuhuma inagusa polisi, mfano laptopu iliyopotea bweni, usiandike neno chuoni kabla hujaongea na wakili, kwa sababu maelezo yale yanaweza kukufuata kituoni.

Ukishindwa, kata rufani ndani ya chuo kwanza, kwa muda uliotajwa kwenye kanuni zao. Wengi huniambia, "Wakili, twende Mahakama Kuu moja kwa moja." Mahakama itauliza kama njia za ndani zilimalizwa. Na ukifika huko, katika kinachoitwa mapitio ya mahakama, jaji hasahihishi mtihani wako wala hakupi shahada. Anaangalia namna uamuzi ulivyofikiwa: uliitwa, ulionyeshwa ushahidi, waliokaa walikuwa na mamlaka? Akiona kasoro anaweza kuutengua na kuagiza usikilizwe upya, na unaweza kusikilizwa upya ukashindwa upya.

Muda ndio unaoua mashauri haya. Kwa kanuni za mapitio hayo za 2014, maombi ya kibali cha kuyafungua yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Baba mmoja alinijia miezi nane baada ya uamuzi. Mtoto alikuwa ameficha barua chini ya godoro geto, akiwaambia nyumbani kwamba wako likizo ndefu. Nilimkuta mzee yule hana hasira hata kidogo, alitaka tu kujua kama zile siku zinaweza kurudishwa.

Ukija ofisini, njoo na barua yenyewe, si picha yake. Na bahasha usiitupe, hasa kama ilipitia posta. Muhuri ulio juu yake ndio utakaotuambia siku zako zimebaki ngapi.