Rais wa Marekani hana amri ya kufuta uchaguzi

Kila siasa za Marekani zikichafuka, utasikia: "Huyu atafuta uchaguzi abaki Ikulu." Kalamu hiyo hana. Siku ya kumchagua rais iliwekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1845, na kura zinasimamiwa na majimbo. Hata 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Lincoln alikwenda kwa wapiga kura. Na muhula hukatika saa sita mchana, Januari 20, uchaguzi uwepo usiwepo.

Mimi naogopa zaidi kwenye kuhesabu. Januari 2, 2021 Trump, aliyekuwa ameshindwa uchaguzi wa 2020, alimpigia simu Brad Raffensperger, msimamizi mkuu wa uchaguzi jimbo la Georgia, akimtaka amtafutie kura 11,780. Raffensperger, Mrepublican mwenzake, akagoma. Bahati nzuri simu ilirekodiwa.