Rakleti bila nyama: toa ham, ongeza achari

Kila baridi ikianza kuuma hapa Lausanne, napigiwa simu za aina moja. "Shangazi, Jumamosi nina wageni wanane, nataka kuwawekea rakleti. Lakini wawili hawali nguruwe, mmoja Msabato, na shemeji ameacha nyama kabisa. Nifanyeje?" Kwa anayenisoma mara ya kwanza: rakleti ni jibini inayoyeyushwa na kuliwa na viazi, na kazi yangu ni kuuza jibini. Nasimama kaunta, na msimu wote wa baridi nakata rakleti kuliko kitu kingine chochote. Jibu langu kwa simu hizo ni fupi. Toa nyama yote, si ya nguruwe peke yake, halafu usihangaike kutafuta cha kuziba pengo, maana pengo halipo.

Rakleti ya mashine ya umeme yenye vikaango vidogo vya kuyeyushia jibini, iliyozungukwa na sahani za ham (paja la nguruwe) na soseji kavu, ndivyo inavyoliwa zaidi upande wa Ufaransa. Nenda Valais, jimbo la milimani kusini mwa Uswisi ambako chakula hiki ndiko kwao, uone. Gurudumu la jibini hukatwa katikati, na ule uso uliokatwa huelekezwa kwenye moto. Unaanza kutoa jasho la mafuta, unachemka taratibu, unapata madoa ya kahawia. Mwenye kisu anaukwangua mara moja tu, jibini inashuka kwenye sahani, na sahani inakwenda kwa mtu mmoja. Wengine mnasubiri zamu. Pembeni ya jibini utakuta kiazi kilichochemshwa na ganda lake, matango madogo ya siki na vitunguu vidogo vya siki. Pilipili manga juu, basi. Nyama kavu kama ipo mliishaila kabla, kwenye sahani yake, mkiwa bado mnasalimiana. Kwa hiyo mgeni akikuuliza mbona hakuna nyama, mwambie anakula kama wenyewe wanavyokula.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapita watu wengi: nyama inaweza kutoka sahanini ikabaki ndani ya jibini. Ili maziwa yagande, mtengenezaji hutia reneti, na reneti ya asili hutolewa kwenye tumbo la nne la ndama anayenyonya. Raclette du Valais AOP (AOP ni alama ya jina linalolindwa kwa mahali pa asili), Gruyère AOP na Parmigiano Reggiano zote zinatumia reneti ya ndama. Kwa asiyekula nguruwe tu, hakuna tatizo. Kwa aliyeacha nyama kwa imani au kwa kuhurumia wanyama, jibini hiyo si yake, na ukimwekea bila kumwambia umemkosea. Kwa Waislamu, wanazuoni wana kauli tofauti kuhusu reneti ya mnyama ambaye hakuchinjwa kisharia. Wako wanaoona haina neno na wako wanaojiepusha. Usimwamulie mtu. Muulize mapema, kabla hujaenda dukani.

Habari njema ni kwamba reneti isiyo ya mnyama ipo kwa wingi. Iko inayotokana na fangasi aitwaye Rhizomucor miehei. Iko pia kaimosini, kile kimeng'enya kikuu cha tumbo la ndama, inayotengenezwa na vijidudu kwenye matangi bila ndama yeyote kuguswa. Marekani iliiruhusu mwaka 1990, na leo jibini nyingi za kiwandani duniani zinagandishwa hivyo. Kwenye karatasi ya jibini tafuta maneno "présure microbienne" kwa Kifaransa au "mikrobielles Lab" kwa Kijerumani, au alama ya V-Label, ile duara yenye herufi V iliyochipua jani. Ukikuta "présure" au "Lab" peke yake, hujaambiwa kitu. Muulize muuzaji, ndiyo kazi yetu, na akikujibu kwa kukisia nenda duka jingine.

Usiogope kununua jibini isiyo na jina la Valais. Mwaka 2007 mahakama ya juu ya shirikisho ya Uswisi iliamua kwamba neno "raclette" peke yake ni jina la chakula, kwa hiyo kinacholindwa hapa Uswisi ni "Raclette du Valais" tu, ile ya maziwa mabichi, gurudumu la karibu kilo 5, iliyokomaa miezi mitatu au zaidi. Nyingine zote, za Uswisi kwingineko, Ufaransa, hata Ujerumani, ziko huru kuitwa rakleti, na humo ndimo utapata zenye reneti ya fangasi. Ladha ni ya upole zaidi, sitakudanganya. Lakini zinayeyuka vizuri, na kwa karamu hii kuyeyuka ndiko kunakotangulia.

Na kuyeyuka si tabia ya kila jibini. Jibini ni wavu wa protini ulioshikwa na kalisiamu, na ndani ya matundu yake kuna mafuta. Joto likipanda, mafuta hulainika kwanza. Wavu wenyewe huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Jibini yenye uchachu wa kadiri imepoteza kalisiamu kiasi tu, wavu unalegea bila kukatika, na inatiririka pamoja na mafuta yake. Feta imechacha mno, inamong'onyoka. Halumi haikuchacha vya kutosha, ndiyo maana unaweza kuichoma juu ya makaa ikabaki na umbo lake. Panir, ambayo wasomaji wa Mombasa na Dar wanaijua kwa majirani zao Wahindi, imegandishwa kwa ndimu na moto mkali, na haiyeyuki hata uiombe. Umri nao una neno. Rakleti ya miezi mitatu hadi sita ni sawa. Changa zaidi inavutika kama mpira, kongwe zaidi inatoa mafuta pembeni na kuacha bonge katikati.

Walioko nyumbani Afrika Mashariki, msiniulize nauli ya kuagizia jibini. Gauda inatengenezwa Kenya, na ile iliyokomaa miezi miwili mitatu inafanya kazi hii bila aibu. Njombe nako wanatengeneza jibini za mtindo wa Kitaliano. Swali la reneti ni lile lile, liulizeni.

Kipimo: palipo na nyama watu hupanga gramu 200 za jibini kwa kichwa. Bila nyama weka 250, watoto nusu yake. Wageni wanane ni kilo 2. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita, kila kimoja gramu 30 na kidogo, na mtu mzima atamaliza saba au nane. Ganda la nje likwaruze kwa kisu uliache. Likipata moto linakuwa gumu na tamu, na mezani kwangu hugombaniwa.

Viazi viwe vidogo na vyenye nyama iliyoshikana. Hapa nanunua aina ya Charlotte au Amandine. Nairobi au Arusha epuka vile vinavyosifiwa kwa chipsi, vina wanga mwingi na vitakumomonyokea sahanini. Anza na maji baridi yenye chumvi, chemsha na ganda, mwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika moja vikauke. Kisha vitie kwenye hotipoti ile ile ya chapati, ukifunika kwanza kwa kitambaa safi kinywe mvuke. Waswisi wana vikapu vya nguo maalumu kwa kazi hii. Hotipoti inavishinda kwa mbali. Muhogo uliochemshwa nao unakubali sana: ni mkavu kidogo, unainywa jibini. Ndizi mbivu nimezijaribu na sizipendekezi. Utamu juu ya mafuta juu ya chumvi, mdomo unachoka mapema.

Na mdomo kuchoka ndiyo adui wa meza hii. Watu hudhani nyama ilikuwa inaongeza ladha, kumbe ilikuwa inaongeza chumvi, na chumvi jibini inayo ya kutosha. Mafuta ya jibini yanatanda ulimini, na kinachoyakata ni ukali wa siki au ndimu, pamoja na uchungu kidogo. Ndiyo maana sioni faida ya soseji za soya zenye ladha ya moshi: ni chumvi juu ya chumvi tena. Weka fedha hiyo kwenye achari. Achari ya ndimu ikatwe vipande vidogo kama ukucha wa mtoto, maana nayo ina chumvi. Kimoja juu ya jibini kinachochemka kinatosha. Achari ya embe mbichi ni laini zaidi kwa wasiozoea. Kachumbari fanya ya vitunguu peke yake: vikate vyembamba, vifikiche kwa chumvi, suuza, kamua hasa, kisha tia ndimu na pilipili. Nyanya iache, maji yake yanaipoza jibini na kuifanya ikaze kabla hujaifikisha mdomoni. Matango ya siki yawepo pia, kwa heshima ya wenyeji.

Mboga za kuweka chini ya jibini ziwe zimeshapikwa na kukauka. Uyoga ndio unaodanganya watu. Ukiutia mbichi kwenye kikaango kidogo cha mashine, unatema maji na jibini inaelea. Ukaange kwanza jikoni bila mafuta, sufuria kavu, mpaka maji yaishe na kingo zipate rangi, ndipo utie kipande cha siagi na pilipili manga. Koliflawa iliyochomwa kwenye oveni ni nzuri, na huenda ikamwokoa mgeni wako Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Ujaini ya India, ambaye hali viazi wala vitunguu wala chochote kinachong'olewa ardhini. Vipande vya peya, majani machungu ya chikori, mkate wa siku iliyopita. Inatosha. Meza ikijaa mno watu wanashiba saladi.

Kabla wageni hawajafika, soma nyuma ya mashine imeandikwa wati ngapi. Ya watu wanane mara nyingi hula wati 1,200 au zaidi. Nyumba nyingi za zamani hapa zina njia za umeme za ampea 10, maana yake wati 2,300 tu kwa njia nzima. Mashine mbili na birika la umeme kwenye njia moja, mnabaki gizani. Chomeka ya pili chumba kingine kwa waya mrefu, uupitishe ukutani watoto wasijikwae. Fungua dirisha moja kidogo tangu mwanzo, si mwisho. Harufu ikishaingia kwenye mapazia mtaishi nayo mpaka Jumatano.

Kinywaji kina ubishi wake. Desturi hapa ni divai nyeupe ya Fendant au chai, na wazee wa Kiswisi watakwambia maji baridi yanaigandisha jibini tumboni. Mwaka 2010 watafiti wa Zurich walichapisha kwenye jarida la tiba la BMJ majaribio ya watu 20 waliokula fondyu (jibini iliyoyeyushwa sufuriani), wengine kwa divai na wengine kwa chai ya rangi. Divai ilichelewesha tumbo kutoa chakula, ingawa hawakulalamika maumivu zaidi. Mimi naweka birika la chai ya rangi yenye tangawizi, bila sukari, na kila mtu anakunywa bila kuulizana dini.

Kuna watakaosema tumbo lao halipatani na maziwa. Waulize kama ni maziwa au ni sukari ya maziwa. Sukari hiyo huliwa na bakteria jibini inapokomaa, na rakleti ya miezi mitatu haina karibu chochote. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine kabisa, huyo mpikie kitu chake.

Usiye na mashine, fanya fondyu. Watu wanne: gramu 800 za jibini iliyokwaruzwa. Watu wa Fribourg, jimbo jingine la Uswisi, hutumia nusu Gruyère nusu Vacherin Fribourgeois. Wewe mwenye wageni wasiokula nyama badilisha kwa jibini ngumu na laini zenye reneti ya fangasi. Mahali pa divai weka desilita 3 za juisi ya tufaha isiyotiwa sukari pamoja na vijiko viwili vya ndimu. Asidi huzuia protini zisishikane mabonge, na kijiko cha unga wa wanga wa mahindi uliokorogwa kwenye maji kidogo huzuia mafuta yasijitenge. Moto mdogo, koroga bila kuacha, na ikianza kuchemka kwa fujo umechelewa kuitoa. Chini ya sufuria utabaki ukoko wa rangi ya dhahabu. Ubandue kwa mwiko na uukate vipande sawa, la sivyo patakuwa na maneno.

Vyombo vyote vyenye jibini viloweke kwenye maji baridi kwanza. Maji ya moto yanaipika protini na kuigandisha kwenye kikaango, utasugua mpaka usiku wa manane. Viazi vilivyobaki vikwaruze asubuhi, kaanga kwa siagi mpaka viwe chapati ya kahawia, na vile vipande vya jibini vilivyokauka pembeni ya sahani vitie juu dakika ya mwisho.