Waya na Risasi

Jumapili moja shemeji yangu alirudi kutoka Dodoma na kilo nne za nyama ya pofu alizonunua katika bucha la nyamapori lenye leseni. Alizileta nyumbani kwangu Mbagala pamoja na risiti yake, maana bila karatasi ile nyama hiyohiyo ingehesabiwa kuwa nyara ya serikali mikononi mwa mtu asiye na kibali, na kosa la aina hiyo kisheria lina kifungo kisichopungua miaka 20. Nyama ilichemshwa, ikaungwa kwa nazi, na kabla sahani hazijajaa mezani palikuwa na maoni matatu. Shangazi yangu, mzaliwa wa Ikwiriri, alitaka kujua ni nani aliyeichinja na kama alitaja jina la Mwenyezi Mungu. Binti wa shemeji, anayesoma Mlimani, alisogeza sahani kando na kusema, "Mama mdogo, mimi sili mnyama aliyeuawa ili mtu afurahie shabaha yake." Shemeji naye akadai kwamba hayo yote ni maneno ya walioshiba: bila fedha za uwindaji hakuna askari wa wanyamapori atakayelipwa mshahara, na bila askari hata huyo pofu asingekuwapo. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni daktari wa wanyama niliyesomea Sokoine, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukagua nyara za wawindaji, yaani ngozi, pembe na mafuvu ya wanyama waliowaua, hapa Dar es Salaam kabla hazijapakiwa kwenda ng'ambo.

Siku ile sikuwajibu vizuri. Nilipofikiri baadaye niliona kwamba wale watatu hawakuwa wakipingana kama walivyodhani, kwa sababu kila mmoja alikuwa akipima jambo lake. Shemeji alipima matokeo, binti alipima nia, na shangazi alipima namna mnyama alivyokufa. Mnyama ni mmoja, lakini mizani hizo hazitoi jibu moja, na mara nyingi mbili kati yake huvutana kabisa. Ninaamini ugomvi mwingi kuhusu uwindaji unadumu kwa sababu tunachukua jibu la mzani mmoja na kulitumia kuufunga mwingine.

Nianze na matokeo, kwa kuwa hoja hiyo ndiyo husikika zaidi katika ofisi za mji huu. Inasema kwamba mwindaji wa kitalii hulipia kitalu (eneo la pori lililotengwa kwa uwindaji), leseni na kila mnyama anayempiga, na kwamba fedha hizo huifanya ardhi isiyovutia watalii wa kamera, yenye mbung'o na vichaka, ibaki pori badala ya kuwa mashamba. Kuna ukweli hapo ambao wapinzani wengi hawataki kuutazama. Hata hivyo historia haimpi shemeji ushindi anaoudhani. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978. Kenya iliufunga mwaka 1977 na haijaufungua hadi leo, lakini katika miaka ya 1980 majangili waliwamaliza tembo wake kwa maelfu. Sisi tulikuwa na vitalu vilivyo wazi na leseni zinazolipiwa, na bado tembo wetu walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, huku sehemu kubwa ya msiba huo ikitokea Selous, pori lililokuwa maarufu kuliko yote kwa uwindaji. Kwa hiyo kufunga peke yake hakukuwalinda tembo, na kufungua peke yake hakukuwalinda pia. Kilichoamua ni bei ya meno ya tembo, idadi ya askari na uaminifu wao, na kama mwanakijiji aliyeona magari ya usiku alikuwa na sababu yoyote ya kutoa taarifa. Aidha, hata kama hoja ya fedha ingekuwa kweli kila mahali, ingetueleza tu faida inayotokana na kuua. Haijibu kama kuua kwenyewe ni haki, na hapo ndipo binti alipokuwa amesimama.

Kuna nyara moja ambayo siwezi kuisahau. Ililetwa ngozi ya simba dume, imekunjwa kwa ndani na kutiwa chumvi ya mawe, pamoja na fuvu lake lililochemshwa hadi likawa jeupe. Kanuni zetu zinataka simba anayewindwa awe na umri wa miaka sita au zaidi, na sababu yake inaeleweka: dume kijana akiuawa akiwa bado analinda familia, madume wapya huingia na kuua watoto wake, kwa hiyo risasi moja huondoa simba wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutokana na simba wa Serengeti ulionyesha kwamba kuwaacha madume wafikie umri wa kutosha hupunguza sana madhara hayo. Porini mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni mwenye leseni, hutazama pua, ambayo kwa kijana huwa na rangi ya waridi na kadiri miaka inavyokwenda huingiwa na madoa meusi. Sisi mezani hutazama jino kwa eksirei, kwa sababu uwazi ulio ndani ya jino hupungua simba anapozeeka. Jino lile lilikuwa limejaa vizuri. Simba alikuwa mtu mzima, leseni ilikuwa halali, na tundu la risasi lilikuwa moja tu, nyuma ya bega, mahali hasa panapofundishwa.

Tulipoikunjua ngozi ndipo tulipoona shingo. Chini ya manyoya, kuizunguka shingo yote, palikuwa na kovu la upana wa vidole viwili, gumu kama ukingo wa kiatu, lisilo na unywele hata mmoja. Ulikuwa ni waya. Simba yule aliwahi kunaswa, akaukata kwa kuuvuta, na akaishi nao hadi ulipoliwa na kutu na kudondoka, au hadi nyama ilipoumeza na kuutema. Kidonda cha namna hiyo hakiponi kwa juma moja. Fomu yangu ilikuwa na nafasi ya umri, urefu wa fuvu na namba ya leseni, lakini haikuwa na nafasi ya kovu.

Hapo ndipo mizani ya nia na mizani ya maumivu inapoachana njia. Aliyempiga risasi simba yule alisafiri kwa ndege kwa ajili ya burudani, na kwa macho ya binti nia hiyo haina utetezi. Lakini kama risasi iliingia pale tulipoona, simba alikufa kwa muda mfupi kuliko pofu anayeliwa na mbwa mwitu. Aliyetega waya, kwa upande mwingine, huenda hakumtaka simba kabisa. Alimtaka swala au nguruwe pori, ama kwa ajili ya kitoweo, ama ili alinde mahindi yake, ama ili auze vipande vya nyama iliyokaushwa aweze kulipa ada. Nia yake tunaielewa, na wengi wetu tungemsamehe. Ila waya wake, ambao mara nyingi hutolewa kwenye matairi yaliyochomwa au kwenye nyaya za breki, hauchagui dume wala jike, mzee wala mtoto, wala haujui msimu. Mtegaji asipokwenda kuukagua siku tatu, mnyama husimama pale siku tatu. Nimewatibu wanyama walionaswa, na nasema bila kusita kwamba kati ya mateso yote niliyoyaona katika kazi hii, makubwa zaidi yalisababishwa na watu ambao nia yao nisingeweza kuilaani.

Sisemi hivyo ili nimsafishe mwenye bunduki. Risasi nyingine hazipigi nyuma ya bega. Hupiga tumbo au mguu, na hapo ndipo maadili ya mwindaji hupimwa kuliko mahali pengine popote. Sheria inakataza kuwinda usiku, kwa taa, kwa kutumia gari, kwa sumu na kwa mitego, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa sawa na aliyeuawa. Lakini hakuna sheria inayoweza kumfanya mtu aliyechoka, jua likiwa linazama, arudi kwenye majani marefu kufuata damu ya nyati anayemsubiri. Wawindaji bingwa ninaowaheshimu ni wale wanaorudi. Nimesikia wengine wakisema kwa wepesi kwamba mnyama "atajifia mwenyewe", na tangu hapo sikuwahi kuyaamini maneno yao mengine kuhusu uhifadhi. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, wanaowinda kwa upinde na mishale yenye sumu wanayoichemsha kutokana na mimea, humfuata mnyama kwa saa nyingi. Bila shaka huifuata nyama, lakini matokeo kwa mnyama ni kwamba hajaachwa.

Swali la shangazi, ambalo vijana mezani walilichukulia kama jambo la ibada tu, kwa maoni yangu lilikuwa ndilo la kitaalamu zaidi. Mafundisho aliyokulia yanaruhusu kuwinda kwa ajili ya chakula, yanakataza kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo, na yanamwamuru mchinjaji anoe kisu chake ili asimtese mnyama. Ukiyaweka hayo pamoja unapata karibu yote ambayo binti na mimi tungeyataka, isipokuwa kwamba binti angekwenda mbali zaidi na kusema kwamba mnyama mwenye hisia hapaswi kuuawa na mtu mwenye chakula kingine. Msimamo wake ni imara kuliko wangu; sina hoja ya kuuangusha, na nakiri kwamba mimi nilikula. (Katika misafara mingi ya uwindaji, mmoja wa wafuatiliaji wa nyayo huwa ni Mwislamu, na kazi yake mojawapo ni kukimbia na kisu kabla mnyama hajakata roho. Shangazi alipoambiwa hivyo alichukua kijiko.)

Lakini shangazi alikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitarajia. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliwaua watu wengi Rufiji, umbali wa saa chache tu kutoka hapa Mbagala, na simba mmoja peke yake alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35. Alipouawa alikutwa na jipu kwenye jino. Kwa nchi nzima watafiti walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba kati ya 1990 na 2004. Nguruwe pori huvamia mashamba, wakulima hulala kwenye madungu, yaani vibanda vya kulindia shamba, ili kuwafukuza, na simba huwafuata nguruwe hadi mlangoni pa dungu. Shangazi anamkumbuka jirani yake aliyelala dunguni na wanawe wawili, ambaye asubuhi alikutwa amebaki na mmoja. Alisema kwamba kijijini hakuna aliyeuliza kama ni haki kumuua simba. Waliuliza kwa nini askari wa wanyamapori amechelewa, na kwa nini wao wenyewe, ambao babu zao waliwinda katika mbuga zilezile, wakimpiga nguruwe kwa mtego wanaitwa majangili.

Swali hilo lina mizizi mirefu. Mwaka 1896, chini ya gavana von Wissmann, Wajerumani walitoa amri iliyotaka leseni kwa kila mwindaji na kutenga maeneo ya wanyama, likiwamo moja la Rufiji, na mtu aliyewinda jana kwa mila akawa leo mhalifu. Katika miaka ya 1940 Waingereza waliwahamisha watu wa Liwale, sababu rasmi ikiwa ni ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaingizwa katika Selous. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na katika sehemu hiyo bunduki za kitalii zikanyamaza. Simba bado anavuka mpaka wa hifadhi usiku. Kwa kanuni za mwaka 2011, kifuta machozi cha mtu aliyeuawa na mnyama kilikuwa shilingi milioni moja, na familia nyingi ziliingoja kwa muda mrefu.

Binti aliniuliza, kabla hajaondoka, kama ningekuwa na mamlaka ningeufunga uwindaji. Nilimwambia kwamba nisingeufunga kesho, kwa sababu sijui nani angelinda vitalu vilivyoachwa, lakini nisingekubali tena utetewe kwa fedha tu. Ningetaka kila kitalu kitangaze hadharani idadi ya wanyama waliojeruhiwa na kupotea, kama kinavyotangaza waliouawa, na anayeficha anyang'anywe leseni. Ningetaka sehemu ya fedha hizo iende kwanza kwenye kung'oa nyaya na kuwajengea wakulima wa Rufiji uzio wa kuzuia nguruwe, kwa kuwa uzio mmoja ungewaokoa mtoto wa dunguni, simba na swala kwa pamoja. Na ningeongeza mstari mmoja katika fomu ya ukaguzi wa nyara, chini ya umri na urefu wa fuvu, wa kuandika makovu ya zamani na chanzo chake.

Binti akasema hilo halimtoshi. Shangazi, aliyekuwa akikusanya sahani, akamuuliza kama mihogo ingemtosha, maana alikuwa ameondoka kwao bila kifungua kinywa.