Kadi mbili za grafiki ndani ya kompyuta moja: maana yake hasa

Kuoanisha kadi za grafiki, yaani vifaa vinavyochora picha za kompyuta, ni kuchomeka kadi mbili kwenye mazabodi moja (ubao mkuu wa kompyuta) na kuzitumikisha zote. Kwa wanaohariri video za harusi hapa Malindi, wazo hili huja mtu anaponunua kadi mpya na ile ya zamani bado ni nzima: mbona nisiiache humo humo, nguvu iongezeke? Swali zuri, ila nguvu haijumlishwi hivyo.

Kuna namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuziunganisha zifanye kazi kama moja. Kampuni ya 3dfx walifanya hivyo mwaka 1998 kwa kadi yao ya Voodoo2, NVIDIA wakaja na mfumo wao wa SLI mwaka 2004, ATI (baadaye AMD) wakafuata na CrossFire. Mara nyingi kadi zilipokezana: hii ichore picha moja ya gemu, ile ichore inayofuata. SLI ilidai kadi za aina moja. DirectX 12, mfumo wa Microsoft unaounganisha gemu na kadi, ilipotoka mwaka 2015 iliruhusu hata kuchanganya NVIDIA na AMD, lakini kazi yote akabebeshwa mtengeneza gemu, na walioikubali walikuwa wachache mno. Kwa gemu, usihangaike nayo leo.

Namna ya pili ndiyo yenye faida: kila kadi inajitegemea, na programu ndiyo inayogawa kazi. Blender, programu ya 3D, hurenda (hutengeneza picha za mwisho) kwa kadi mbili za NVIDIA zisizolingana bila shida. Memori, hata hivyo, haiunganiki. GB 8 na GB 4 hazifanyi GB 12, kwa sababu kila kadi hubeba nakala yake ya kazi nzima. Kazi ya GB 6 inaweza kuishinda ile ndogo. Programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, toleo la bure, kwenye Windows hutumia kadi moja tu, kwa hiyo mhariri anayeitegemea hapati kitu kwa kuongeza ya pili.

Halafu kuna draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Kadi za zamani za NVIDIA za kizazi cha Kepler zimeachwa nje ya draiva mpya tangu 2021. Ukiiweka mojawapo pamoja na kadi ya kisasa ya NVIDIA RTX, utaikuta kwenye orodha ya vifaa vya Windows na alama ya mshangao ya manjano, imekaa tu.

Umeme nao upigie hesabu: sloti (tundu la mazabodi ambamo kadi huchomekwa) hutoa wati 75 pekee, plagi ya pini 8 kutoka kwenye pawasaplai huongeza hadi 150. Na joto la kaskazi mwalijua. Kadi zikibanana, ya juu huvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na ya chini.

Kwa mhariri wa harusi, mimi nasema uza ile ya zamani, fedha uongeze kwenye moja iliyo bora. Anayerenda kazi za 3D kwa Blender, huyo aziweke zote mbili: yenye nguvu kwenye sloti ya juu, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye njia zote 16 za kupitishia data, na waya wa monita uchomekwe kwenye hiyo hiyo.