Daraja rahisi linalokula pesa zaidi

Kwa mara nyingine mwaka huu nimeketi na wakala wa forodha hapa Mombasa, ambaye alinionyesha kwa fahari kwamba picha zote za nyaraka za mizigo, ambazo kwake hufutwa baada ya siku 7, amezihamishia Standard-IA, daraja la bei nafuu la Amazon S3 (huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni), kwa kuwa "ni nusu bei". Ankara yake ilikuwa imepanda.

Kwa bei za Amazon za eneo la Virginia (za Cape Town ni kubwa zaidi, ila uwiano haubadiliki sana), gigabaiti moja katika Standard, daraja la kawaida, hutozwa senti 2.3 za Marekani kwa mwezi, na katika Standard-IA senti 1.25. Watu huishia hapo kusoma. Mstari unaofuata unasema kwamba Standard-IA ina muda wa chini wa siku 30, kwa hiyo ukilifuta faili siku ya 7, siku 23 zilizobaki utazilipia vilevile, mfano wa mwenye godauni Shimanzi anayetaka kodi ya mwezi mzima hata kama shehena imelala wiki moja. Gigabaiti hiyo hugharimu senti 0.54 katika daraja "ghali" na senti 1.25 katika daraja "rahisi".

Mizani hugeuka karibu na siku ya 17, lakini hapo faili halijasomwa hata mara moja, na hapa ndipo subira inaponiishia. Kusoma gigabaiti moja kutoka Standard-IA kuna tozo ya senti 1. Jumlisha na 1.25, akiba ya mwezi mzima karibu yote imekwisha. Na nyaraka ya mzigo unaosubiri kutolewa bandarini husomwa na karani, na bosi wa karani, na mwenye mzigo, kisha na karani tena. Faili lililo chini ya kilobaiti 128 hutozwa kana kwamba limefika 128, na ada ya kuandika ni maradufu.

Sharti nikiri jambo linalonitia doa. Glacier Deep Archive, daraja la S3 la kumbukumbu zisizoguswa kwa muda mrefu, ina muda wa chini wa siku 180, lakini kwa takriban senti 0.1 kwa mwezi, miezi yote 6 ni senti 0.6, karibu sawa na wiki moja ya Standard. Kulirejesha faili kwa njia ya kawaida huweza kuchukua saa 12, na kuandika faili 1,000 ni senti 5 badala ya nusu senti. Hata hivyo, kwa video chache kubwa za kamera za lango zinazotunzwa wiki mbili bila kutazamwa, sina uhakika kwamba msimamo wangu, kwamba mafaili ya muda mfupi yakae Standard, unasimama.

Kwa wakala wangu, mafaili mapya sasa huandikwa Standard na hufutwa na kanuni ya siku 7, ambayo haitozwi. Ya zamani tuliyaacha Standard-IA yamalize siku zake, maana hata tukiyafuta zingelipiwa vilevile. Kanuni ya pili hufuta vipande vya mafaili ambavyo upakiaji wake ulikatika njiani, ambavyo havionekani katika orodha lakini hutozwa kila mwezi. Aliniuliza kama vipande hivyo visingekaa kwa nafuu zaidi katika Glacier.