Mustafa alipouawa, Kilwa ililia

Mustafa, mwana wa Sultani Suleiman wa Uturuki, alinyongwa mwaka 1553 kwa amri ya baba yake. Lakini hapa Kilwa Masoko aliuawa usiku mmoja tu, kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na asubuhi yake mama ninayenunua kwake vitumbua alinifungia vitumbua vyangu macho yamemvimba. "Mwanangu, baba wa kumzaa kabisa?"

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, na swali la yule mama ninalisikia kila siku kwa sura nyingine. Tukifika Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya mia, kwenye ghala za biashara wanapita bila kusimama. Wakifika kwenye bwawa la pembe nane wanauliza: sultani alikuwa anaoga humu? Na nani?

Sinema iliijua hamu hiyo mapema. Mwaka 1895 kampuni ya Edison ilionyesha Malkia Mary wa Uskoti akikatwa kichwa, filamu isiyofika hata dakika. Kamera ilisimamishwa, mwigizaji akaondoka, sanamu ikawekwa mahali pake. Charles Laughton naye alipata Oscar kwa kumwigiza Henry wa Nane wa Uingereza katika filamu ya 1933, na kinachokumbukwa zaidi ni jinsi mfalme alivyomrarua kuku kwa mikono. Vita na mikataba, nani anakumbuka?

Ugomvi wa mirathi tunaujua sote, wa shamba la mikorosho au wa nyumba ya marehemu. Wa ikulu ni huohuo, ila wakishindwana ndugu, nchi nzima inaungua.

Sisi tunayo hadithi ya namna hiyo, aliyoiandika Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, baada ya kufika Kilwa mwaka 1331. Sultani al-Hasan bin Sulaiman anatoka msikitini siku ya Ijumaa, maskini mmoja kutoka Yemen anamwomba nguo alizovaa. Sultani anaingia nyumbani kwa khatibu, mtoa hotuba ya Ijumaa, anazivua, anavaa nyingine, anampa zile. Mwanawe anazikomboa kwa watumwa kumi. (Mtayarishaji wa filamu atataka kuwafuta watumwa hao. Asiwafute.) Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, aliongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Akafa, akatawala ndugu yake Daud. Mwombaji akija, Daud anamjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa.

Ningepewa kamera ningeanza na mlango wa khatibu, umefungwa. Nje umati unangoja, ndani mfalme hana nguo, na mwanawe bado hajajua kwamba atalazimika kulipa.