Pamba kwenye boksi la sabufa: inasaidia wapi, inaharibu wapi

Mtu akishafunga sabufa kwenye gari halafu besi ikatoka nene lakini chafu, ile inayovuma noti moja tu wimbo mzima, ushauri wa kwanza anaopewa ni jaza pamba humo ndani. Mi kazi yangu ni kufunga miziki ya magari na pamba naikubali sana, ila tuelewane kwanza inafanya nini, manake ukiitia kwenye boksi lisiloihitaji unapoteza hata ile besi uliyokuwa nayo.

Iko hivi. Koni, yaani ule uso wa spika unaocheza, ikirudi nyuma inabana hewa ya kwenye boksi, hewa ikibanwa inapata joto, na lile joto linaongeza presha kiasi kwamba hewa inakuwa springi ngumu nyuma ya koni. Sasa ukiweka nyuzi za poliesta, zile zile zinazojaziwa mito na ndo pamba ninayoisema hapa, zinanyonya lile joto hewa inapobanwa na kulirudisha inapoachiwa, springi inalegea, na sabufa inajiona iko kwenye boksi kubwa kuliko lilivyo. Kwa fizikia mwisho wake ni kama asilimia 40 lakini hiyo ni ya kwenye karatasi, kwenye boksi la kweli ukipata 10 mpaka 20 umepata.

Tuifanyie hesabu kabisa ili tusidanganyane. Spika ina Qts 0.5 (namba ya jinsi inavyojizuia kuvuma, ikiwa ndogo inajizuia zaidi), Vas lita 60 (hewa yenye ulegevu sawa na wa vishikizo vya koni), Fs 30 Hz (mvumo wake ikiwa nje ya boksi), na umeiweka kwenye boksi la kufungwa, lisilo na tundu, la lita 25. Qtc, yaani ile Qts spika ikishaingia kwenye boksi, inakuja 0.92 na boksi linavuma kwenye 55 Hz hivi. Tuseme pamba imekupa asilimia 20 nzima, boksi likawa kama la lita 30, basi Qtc inashuka hadi 0.87 na mvumo unashuka hadi 52 Hz. Masikio yanaisikia hiyo tofauti, besi inatulia kidogo na kukata vizuri, lakini kufika 0.707 ambayo wengi wanaitaka kwa spika hiyo hiyo ungehitaji boksi la lita 60, na hakuna pamba duniani itakayokufikisha huko. Boksi dogo mno dawa yake ni kujenga jingine.

Kiasi, anza na gramu 10 kwa kila lita, yaani boksi la lita 30 unatia gramu 300, sikiliza wimbo uleule kwa sauti ileile, ongeza taratibu usipite gramu 16 hivi kwa lita. Na usiichukue ilivyo kwenye mfuko ukaisukumiza tu! Ichambue kwa vidole mpaka ivimbe, isiwe na mabonge, halafu iweke ijae boksi lote bila kushindiliwa, kwa sababu ukishindilia nyuzi zenyewe zinaanza kula nafasi ya hewa na unarudi ulikotoka. Kama sabufa yako ina tundu la kupumulia nyuma ya sumaku, acha nafasi pale na uweke kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, nyuzi zikiingia mle zinakwenda kukwaruza koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni. Pamba ya asili sishauri, inashika unyevu na inakaa chini baada ya muda. Fibaglasi inafanya kazi vizuri tu lakini inawasha na vumbi lake si la kuvuta, ukilazimika basi glavu na barakoa.

Boksi lenye poti, lile tundu au bomba la kutolea hewa, ni habari nyingine kabisa. Pale hewa ya ndani inashirikiana na poti kutoa besi, ukijaza pamba unaifunga breki ile ile sehemu inayokupa mdundo, na kipande kikilegea kitatokea kwenye poti gari zima likajaa manyoya. Kwa boksi la namna hiyo bandika tabaka jembamba kwenye kuta tu, mbali na mdomo wa poti, basi.

Kuhusu sponji za kubandika ukutani, wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7, sponji ya sentimita 3 hata haijui kama limepita. Zinasaidia kwenye spika za kati, kwa sabufa faida yake ni ndogo mno. Trei za mayai ndo hazifanyi kitu kabisa.

Kabla ya yote hayo mi naangaliaga boksi lenyewe. Sukuma koni taratibu kwa viganja viwili kisha iachie: kwenye boksi la kufungwa inatakiwa irudi kwa kusitasita, ikirudi haraka kama haina kitu nyuma ujue hewa inavuja, pitisha silikoni kwenye kona zote na pale waya zinapotokea, na iache ikauke kabisa kabla hujarudisha spika maana mvuke wa baadhi ya silikoni unaweza kula gundi na sponji ya ukingo wa koni. Halafu weka kiganja kwenye ubao muziki ukiwa juu. Ukisikia unatetemeka sana, hapo pamba haitakusaidia, unahitaji mhimili wa mbao katikati unaoshika ukuta huu na ule wa mkabala, au ubao mnene zaidi. Ubao ukiongezeka unene mara 2 ugumu wake wa kupinda unaongezeka mara 8, ndo maana MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 inaishinda mbali ile ya 9.

Na boksi likishakaa sawa bado kuna bodi ya gari. Mfuniko wa buti, ile rafu ya nyuma ya viti, kibao cha namba, vyote vinalia na watu wanadhani ni spika imepasuka. Matandiko ya butili (mpira laini unaonata) yenye karatasi ya alumini ndo yanatibu hapo, si lazima ufunike bati lote, robo mpaka nusu ya eneo katikati pale panapotetemeka inatosha, ila safisha mafuta kwanza na ukandamize kwa rola mpaka vile vijimraba vya juu vilale.